Siku nne na kamera ya kukodi, au Jumapili kumi na mbili na simu: upigeje filamu ya mtaani Dodoma?

Vijana wanaotaka kutengeneza filamu mtaani kwao hapa Dodoma hunijia na swali lile lile: "Kaka, nitumie simu au nikodi kamera?" Nami huwauliza, una siku ngapi za watu? Kwa sababu kifaa kinafuata siku. Ukikodi kamera, kila kukicha pesa inatoka, kwa hiyo utabana kazi yote katika siku chache mfululizo. Ukishika simu yako mwenyewe, jioni hakuna anayekudai, kwa hiyo unaweza kupiga sini mbili, yaani vipande viwili vya hadithi, leo, ukasubiri wiki nzima, ukapiga nyingine. Ni namna mbili za kuishi na filamu, na kila moja inazaa filamu yake.

Nimezipitia zote mbili, Chang'ombe, mtaa ninaoishi. Filamu yetu ya kwanza ina dakika 22. Ni usiku mmoja ndani ya nyumba ya kupanga yenye vyumba sita, wapangaji wanaposikia kwamba mwenye nyumba ameshauza kiwanja. Hadithi hiyo hatukuitafuta mbali. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli, na tangu Dodoma ilipopewa hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018, viwanja ndiyo mazungumzo ya kila baraza. Tuliipiga kwa siku nne mwezi Agosti, kwa kamera ya kukodi. Ya pili ina dakika 31, inamfuata kijana anayeuza maji ya madumu kwa mkokoteni. Hiyo tuliipiga kwa simu, Jumapili kumi na mbili, kuanzia katikati ya Septemba hadi mwanzoni mwa Desemba.

Wapo wakubwa waliopita kila njia kabla yetu. Spike Lee, mwongozaji wa Marekani, alipiga She's Gotta Have It, filamu yake ndefu ya kwanza, kwa siku 12 tu katika kiangazi cha 1985, Fort Greene, Brooklyn. Charles Burnett, naye Mmarekani, alipiga Killer of Sheep mtaani Watts, Los Angeles, mwishoni mwa wiki, mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiwatumia watu wa hapo hapo, kwa fedha isiyofika dola 10,000. Zote mbili ni filamu za mtaa, na zote mbili bado zinatazamwa. Na anayekwambia simu haifai kwa filamu ya kweli, mkumbushe kwamba mwaka 2015 Sean Baker alitoa Tangerine, iliyopigwa kwa iPhone 5s mitaani Los Angeles, ikaonyeshwa kwenye majumba ya sinema. Hilo tuliache, twende kwenye mambo yanayouma.

Pesa

Bajeti tuliyoiandika ya siku nne ilikuwa milioni moja na laki mbili. Kamera pamoja na lenzi mbili tulielewana laki moja kwa siku, hiyo ni laki nne. Waigizaji sita, kila mmoja posho ya 20,000 kwa siku, ikawa 480,000. Maiki ya bum, ile ya kwenye fimbo ndefu, na kifaa cha kurekodia, 80,000. Nauli, betri na vidogo vidogo, 72,000. Chakula cha watu 14, sahani moja 3,000, kwa siku nne, 168,000.

Ya Jumapili kumi na mbili ilitugharimu laki saba. Posho 240,000, kwa kuwa si wote waliohitajika kila wiki. Diski ya kuhifadhia 150,000. Maiki mbili za kubana kwenye kola 50,000, powabenki 45,000, stendi 35,000. Na chakula 180,000.

Hebu tazama hicho chakula. Watu 14 kwa siku nne ni sahani 56. Watu watano kwa Jumapili kumi na mbili ni sahani 60. Wengi wanadhani njia ya simu inaokoa kila kitu, kumbe watu wanakula vile vile, na ukiwashindisha njaa hawarudi Jumapili ijayo. Kinachookolewa ni kodi ya kamera na posho. Halafu ukimaliza, maiki, stendi na diski vinabaki kuwa vyako. Kamera ya kukodi inarudi kwa mwenyewe na wewe unabaki na mafaili.

Kama umeamua kukodi, kodi katikati ya wiki. Ijumaa na Jumamosi kamera za mjini zinakwenda kwenye harusi, sendofu na kitchen party, na mwenye kamera hana sababu ya kukupunguzia. Sisi tulichukua Jumanne hadi Ijumaa, tukamrudishia Ijumaa usiku akiwa na shughuli ya kesho yake. Pia uliza mapema wakati wa Bunge la bajeti, kuanzia Aprili hadi Juni, maana mji unajaa mikutano na wapiga picha wanakuwa na kazi zao.

Watu wa mtaa na muda wao

Hapa ndipo njia hizi mbili zinapoachana kabisa.

Siku nne zinadai watu wote wawe mahali pamoja, kwa wakati mmoja, wakiwa wamejiandaa. Nani mtaani anaweza hilo? Mwanafunzi wa chuo aliye likizo, kijana asiye na kazi kwa sasa, msanii wa kikundi cha maigizo. Mama ntilie hawezi, kwa sababu siku nne bila kupika ni siku nne bila ada ya mtoto. Bodaboda hawezi, ana hesabu ya bosi jioni. Kwa hiyo filamu ya siku nne, hata ukiipigia uani kwa jirani, itachezwa zaidi na watu waliozoea kuigiza. Hilo lina faida yake kubwa. Wanashika maneno, wanajua kurudia sini ile ile hadi teki ya saba, yaani mara ya saba ya kuipiga, kwa nguvu ya teki ya kwanza, na mkiwa pamoja asubuhi hadi usiku inazuka hali ya familia ambayo unaiona kwenye picha. Ile nyumba yetu ya vyumba sita ilionekana kama nyumba ambayo watu wameishi miaka, ingawa wanne kati ya waigizaji walikutana Jumatatu.

Ila mtaa hausimami kwa ajili yako. Siku yetu ya tatu, Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri, mama mwenye nyumba alinipigia simu. "Mwanangu, mzee wa nyumba ya pili ametutoka." Hakuna mtu wa kuambiwa "action" siku hiyo. Tulirudisha kamera kwenye begi, vijana wangu wakaenda kubeba viti na kufunga turubai, na zile sahani 14 za mchana tulizipeleka msibani. Maziko yalikuwa siku hiyo hiyo baada ya alasiri. Mwenye kamera alitutoza nusu ya siku, na sikumlaumu, alikuwa amekataa kazi nyingine. Ijumaa asubuhi nilikwenda kwa wafiwa kuomba ruhusa, na kaka wa marehemu akaniambia, "Fanyeni kazi yenu wanangu, ila msipige kelele." Sasa sini kubwa ya filamu ilikuwa ugomvi, wapangaji wanafokeana uani usiku. Tuliigeuza pale pale, ugomvi ukawa wa kunong'ona ili watoto wasiamke. Sini hiyo imesimama. Nyingine nne tulizifuta kwa sababu siku zilikuwa zimekwisha, na mojawapo ni ile ya mama mpangaji anayehesabu akiba yake peke yake kwenye kopo la maziwa. Hadi leo nikiitazama filamu najua alipaswa kuwepo wapi.

Jumapili kumi na mbili zinasamehe jambo kama hilo. Kukiwa na msiba, unahudhuria, na unapiga wiki ijayo. Mvua, malaria, mtoto kaanguka, mgeni kaja kutoka Kondoa, yote yanapita. Na zinakupa watu ambao siku nne haziwezi kukupa. Yule muuza maji wetu ni muuza maji kweli. Jumatatu hadi Jumamosi anasukuma mkokoteni, na Jumapili mchana ndiyo nafasi yake pekee.

Kuna bibi mmoja, jirani yangu, anacheza kama yeye mwenyewe. Jumapili ya kwanza alivaa kitenge cha kanisani na kukaa wima kama anapigwa picha ya kitambulisho. Nikimsalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi", ananiitikia huku macho yako kwenye simu. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu tulimwacha tu, tukakaa naye bila kupiga kitu. Ya nne tulimkuta anamenya karanga kwenye ungo, amevaa kanga ya kazini, na vidole vyake vinapasua ganda bila yeye kutazama. Tukawasha. Baada ya dakika chache akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa kidogo, nisogeze ile stendi kwa kuwa inazikinga karanga zake jua. Hakuitazama hata mara moja. Teki hiyo imo kwenye filamu, nzima, pamoja na maneno hayo. Kwa siku nne ningeondoka na bibi wa kitambulisho.

Lakini wiki kumi na mbili nazo zina mwizi wake. Dodoma ni mji wa watu wanaokuja na kuondoka kufuata kazi. Dada aliyecheza mke wa muuza maji alipata kazi Dar baada ya Jumapili ya saba, akapanda treni, na asingeweza kurudi kila wiki. Huwezi kumlaumu mtu aliyepata kazi. Tuliandika upya, mke ameenda kwao kumuuguza mama yake, na sehemu yake iliyobaki ni sauti za WhatsApp alizoturekodia kutoka Dar. Kwa hiyo ukichagua njia hii, piga mapema sini za mwigizaji ambaye maisha yake hayajatulia, hata kama zinatokea mwisho wa hadithi. Na nywele! Kila mmoja mpige picha mbele, nyuma na ubavuni kabla hajavua nguo za filamu, maana wiki moja msuko unafumuliwa na mwingine unasukwa. Kilemba na kofia vimetuokoa mara nyingi.

Upepo, bati na spika

Kama utasoma sehemu moja tu ya makala hii, iwe hii. Mtazamaji anavumilia picha yenye chenga. Sauti isiyosikika haivumilii, anazima. Na Dodoma ni mahali pagumu kwa sauti. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo unavuma mchana kutwa, unabeba vumbi na unagonga maiki kama mtu anayepiga godoro. Bati linalia likipata joto na linalia tena likipoa.

Kwa siku nne za katikati ya wiki tulikuwa na faida moja, watoto wako shule. Hasara ni mafundi wa kuchomelea mageti na mashine ya kusaga, ambao hawana sababu ya kuzima kazi yao. Tulizungumza nao wote siku mbili kabla, kwa heshima, na fundi mmoja alikubali kupaka rangi asubuhi na kukata vyuma mchana. Mshika bum wetu alikuwa na kinga ya manyoya kwenye maiki, na kwa nje hiyo si anasa. Kwa kukodi unapata pia mtu anayejua kusikiliza, anayevaa spika za masikioni na kusema "hapana, rudieni" wakati mwongozaji amefurahia picha. Mtu huyo ni wa thamani kuliko lenzi ya pili.

Jumapili kuna makanisa yenye spika hadi mchana, na watoto wote wako uani. Ratiba yetu ikawa hivi: asubuhi hakuna anayepiga, kuanzia saa nane mchana tunapanga, na maneno yote yanapigwa kati ya saa tisa na saa kumi na mbili jioni, tukisimama adhana ya alasiri inapotoka. Kila mwigizaji alikuwa na maiki ya kubana kwenye kola, waya wake unaingia kwenye simu ya pili iliyo mfukoni inayorekodi sauti tu. Piga kofi moja mbele ya kamera kila mwanzo wa teki, utalitumia kulinganisha sauti na picha. Maiki ifiche chini ya kitambaa chembamba, na kipande cha sponji juu yake, upepo unapungua sana.

Nisimulie kuhusu ekseli, kile chuma kinachoshika magurudumu. Mkokoteni wa muuza maji wetu ulikuwa unalia, kiii-kwe, kiii-kwe, kila gurudumu likizunguka, na tangu Jumapili ya kwanza mlio huo ndio uliomtambulisha. Unamsikia kabla hujamwona. Jumapili ya tano tulipofika ulikuwa kimya. Rafiki yake, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameupaka grisi usiku ili "usituharibie sauti". Kilichotuokoa ni kwamba Jumapili ya pili nilikuwa nimerekodi dakika tatu za mlio ule peke yake, bila maneno. Tangu hapo kila tunapofika mahali tunarekodi dakika mbili za sauti ya mahali, hewa tupu, kabla ya mtu kuondoka. Kwa siku nne unaweza kusahau jambo hilo na ukapona. Kwa wiki kumi na mbili hutapona.

Usiku, jua na mvua

Kuhusu picha yenyewe sitakaa sana, ila usiku ni lazima niutaje, kwani hapo ndipo kodi ya kamera inapojilipa. Uani kwetu usiku kuna balbu moja juu ya mlango. Kamera ya kukodi yenye lenzi ya milimita 50 inayofunguka sana kuingiza mwanga, hadi f/1.8, iliwaona watu chini ya balbu hiyo, na giza nyuma yao likabaki giza. Simu yangu mahali pale inatoa uji wa chenga. Hadithi yako ikiwa ya usiku, kodi. Ikiwa ya mchana na jioni, simu inatosha.

Kwa simu, funga fokasi na mwanga kabla ya kuanza, weka fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde na shata, muda wa kila picha kupokea mwanga, 1/50 ya sekunde, kwa sababu umeme wetu ni wa hertz 50 na ukikosea taa zinapepesa. Usivute picha kwa vidole, sogea mwenyewe. Simu nyingi zikiachwa zenyewe hubadilisha idadi ya fremu kadiri mwanga unavyobadilika, na ukifika kwenye kuhariri midomo na maneno vinaachana. Tumia programu inayozifunga fremu, kama Blackmagic Camera ambayo ni ya bure. Oktoba na Novemba jua la hapa linaichemsha simu hadi inaacha kurekodi, kwa hiyo kuwe na mtu wa mwavuli. Mwavuli wa simu, kabla ya mwavuli wa mwongozaji.

Msimu nao ni wa kuupigia hesabu. Siku nne ni rangi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Jumapili kumi na mbili ni robo mwaka, na Dodoma ina mvua za msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Ukianza Oktoba ukamaliza Januari, mibuyu iliyokuwa mitupu itakuwa na majani na ardhi nyekundu itakuwa na nyasi, na mtazamaji atashangaa hadithi ya siku mbili imewezaje kupita misimu miwili. Hadithi yako ikiwa ya muda mfupi, anza Juni ukamalize Agosti, ukubali upepo. Sisi tuliuacha muda uonekane. Jumapili ya kumi na moja mvua ya kwanza ilinyesha saa kumi jioni, tukiwa barabarani na mkokoteni. Kijana alisimama. Watu walitoa ndoo, mabeseni, hata sufuria, wakaziweka chini ya michirizi ya mabati, na muuza maji akabaki katikati ya njia na madumu yake ishirini yaliyojaa. Hatukuwa tumeandika mwisho wa namna hiyo. Kwa kamera ya siku nne ungehitaji gari la zimamoto.

Vibali na muziki

Njia zote mbili zinakutaka ufuate sheria ile ile. Filamu Tanzania ina sheria yake tangu 1976, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, na kibali cha kupiga kinaombwa Bodi ya Filamu. Omba mapema, ukiwa na skripti na tarehe. Kwa Jumapili kumi na mbili andika kipindi kirefu kuliko unachodhani, kwa sababu utachelewa. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kwa balozi wa nyumba kumi, barua mkononi. Kwa siku nne unatoa taarifa mara moja. Kwa Jumapili utaieleza kazi yako upya kila wiki kwa mtu mpya anayeuliza "hawa ni akina nani?", na ni haki yake kuuliza. Mji huu una Bunge, wizara na maeneo ya ulinzi, kwa hiyo usielekeze kamera huko ukitegemea kwamba ni simu tu. Droni ina vibali vyake kutoka mamlaka ya usafiri wa anga, iache.

Muziki unawaumiza zaidi wa Jumapili, kwa kuwa wiki baada ya wiki utakuwa unapita kwenye baa na duka lenye redio, na nyimbo za watu zitaingia kwenye maneno yako. Ile Killer of Sheep ilikamilika 1977, lakini haikuingia sokoni hadi 2007 kwa sababu haki za muziki uliomo hazikuwa zimelipiwa. Miaka thelathini! Omba redio izimwe, uweke muziki wako baadaye. Kwetu mzee mmoja alitupigia zeze kwa saa moja, tukamlipa, na tukaandikishana kwenye karatasi mbele ya mjumbe.

Kwenye meza ya kuhariri

Picha za 4K, zile za ukali mkubwa, za megabiti 100 kwa sekunde zinakula kama GB 45 kwa saa moja ya kurekodi. Siku nne zilituachia saa sita, yaani GB 270 za kuhamisha kwa haraka kabla kadi hazijarudi kwa mwenyewe. Weka nakala mbili, mahali pawili. Programu ya DaVinci Resolve ya bure inatosha, kompyuta ndiyo yenye shida.

Tofauti kubwa ni wakati. Baada ya siku nne unagundua makosa yote kwa pamoja, na hakuna la kufanya. Kwa Jumapili, Jumatano usiku nilikuwa ninaunganisha nilichopiga, ninaona kwamba muuza maji hajawahi kuonekana akipumzika, na Jumapili inayofuata tunampiga akipumzika. Filamu inakufundisha inavyotaka kuwa wakati bado una nafasi ya kuisikiliza. Kwangu hiyo inazidi uzuri wowote wa lenzi.

Kwa hiyo uchague ipi

Hadithi yako ikiwa ndani ya nyumba moja, usiku mmoja, watu wengi kwenye fremu moja, na una waigizaji na milioni na kidogo, kodi kamera na umalize kwa siku nne. Ila panga siku tatu za kazi na uache ya nne bila kitu. Tungefanya hivyo, mama wa kopo la maziwa angekuwemo.

Hadithi yako ikimfuata mtu mmoja au wawili wenye kazi zao, barabarani, mchana, chukua simu na Jumapili. Na kama hii ni filamu yako ya kwanza kabisa, ninakushauri Jumapili bila kusita, kwa sababu utakosea, na unahitaji wiki ya kukosea na wiki ya kurekebisha. Usipokuwa na subira ya miezi mitatu, au kama kikundi chako kina mazoea ya kusambaa baada ya wiki mbili, basi usijidanganye. Nimeona filamu za Jumapili zilizokufa Jumapili ya nne.

Kuchanganya je? Inawezekana kupiga mchana wote kwa simu na kukodi kamera usiku mmoja kwa ajili ya sini za giza. Funga zote kwenye fremu 25 na usiweke picha za simu na za kamera ndani ya sini moja. Kama usiku kwenye hadithi yako ni ulimwengu mwingine, tofauti ya picha itakusaidia.

Kuhusu kuonyesha, hakuna tofauti inayotokana na kifaa. Filamu zote mbili tulizionyesha kwanza uani, kwa projekta ya kuazima na shuka jeupe, saa mbili usiku, kabla hazijaenda kokote. Ukilenga matamasha kama ZIFF, linalofanyika Zanzibar tangu 1998, andaa tafsiri ya maandishi mapema na uangalie masharti ya urefu.

Filamu ya tatu ni ya fundi cherehani na binti yake anayesubiri matokeo ya kidato cha nne. Watu watatu, mchana mtupu, mlangoni pa duka. Tunaanza Jumapili ya kwanza ya Juni, saa nane mchana, makanisa yakishatoka. Bibi wa karanga ameniuliza kama na yeye yumo. Nimemwambia yumo, na akaniambia safari hii stendi niiweke upande wa kivulini tangu mwanzo.